Mkwe wa Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo. Tangu alfajiri. Nimeamka kama ubao — upande mmoja unakubali, mwingine umegoma. Mke wangu akanishika kwapani akaninyanyua, akaniuliza kama sasa tumefika umri wa kubebana sisi kwa sisi. Nikamwambia zamu yangu ya kubeba niliishaimaliza.

Na kweli. Vitani nilibeba majeruhi. Vita ilipokwisha hospitali ya hapa mjini ikanichukua, nikabeba wagonjwa mpaka nikastaafu. Kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji, kutoka chumba cha upasuaji kwenda kule nyuma ambako mtu harudi. Sasa nasuka viti. Kiti hakilalamiki. Watu wananiletea fremu tupu, navuta kamba za plastiki, nakaza, nafunga. Leo nimemaliza nusu kiti. Vidole navyo vimeanza!

Jioni binti akapita akitoka kazini. Kitindamimba wetu, mkunga wa hospitali ile ile. Umri wake mama yake hautaji tena mbele za watu. Akala kimya, halafu akasema, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi, kwamba Jumapili wazazi wa mchumba wake, yule fundi umeme, watakuja kutuona.

Mama yake akauliza wanatoka wapi hasa.

Ng'ambo ya mto, akasema.

Hakuna aliyenitazama. Hapo ndipo nilipojua wote wananifikiria mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba imepinduliwa. Mapazia yamefuliwa, kuta zimefutwa, mimi mwenyewe nimehamishwa mara kadhaa kama kabati. Viti vya wageni havitoshi. Mke wangu kaamua tutumie vya wateja wangu, vile vilivyokwisha kusukwa. Nikasema viti vya watu si vyetu. Akasema basi wakwe wakikaa watakuwa wanavijaribu kama vimekazwa vizuri. Mwanamke huyu!

Fundi umeme mwenyewe sina neno naye. Alikuja kutandaza nyaya kwenye wodi mpya ya wazazi, akazima umeme bila kuuliza, binti yangu yuko katikati ya kuzalisha. Akamfokea gizani bila kumwona sura. Mtoto akazaliwa kwa mwanga wa tochi ya fundi. Asubuhi yake fundi akarudi kuomba radhi. Keshokutwa yake akarudi tena, radhi bado haijaisha.

Ng'ambo pia sina neno nayo. Nilisema hivyo mezani, na nilikuwa nasema kweli. Siku hizi kuna daraja, watu wanavuka kununua sabuni na kurudi. Wakati wetu hakukuwa na daraja. Kulikuwa na mashua za jeshi na kuomba Mungu.

Nimemkumbuka Mrefu leo, nadhani kwa sababu ya kuhamahama. Tulitoka pamoja kwenye kibarua cha barabara, tukajiandikisha pamoja. Afisa akatutazama — yeye mlingoti, mimi kisiki — akacheka mpaka akavua kofia. Akatutia kwenye machela. Mtu mmoja mrefu mbele, mmoja mfupi nyuma! Kila majeruhi alikuwa anateremka kuja kwangu. Mrefu alikuwa akipiga kelele bila kugeuka: "Yupo bado, au umeshamlea kifuani?" Wengine walikuwa wanacheka huku wanavuja damu.

Dada yake bado yupo, mtaa wa nyuma. Muoka mikate. Mji mzima unamwita Dada Mkubwa. Binti zetu wote wamemwita shangazi tangu wajue kusema.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja. Wameondoka. Nimechoka kama aliyeshinda akibeba magunia.

Mama mkwe ni msemaji, mchangamfu, akasifu kila kitu mpaka kufuli la mlango. Baba mkwe kinyume chake. Mwashi mstaafu. Mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata. Mkono wa kulia hauna vidole viwili vya mwisho. Nikadhani ni kazi, mashine ya zege au tofali. Kitu kingine nilikiona mapema: anatazama chini anapotembea. Hata kwenye sakafu ya saruji, hata sebuleni kwangu. Kila hatua anaitazama kwanza ndipo anaikanyaga.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kicheko, chai, chai tena. Kisha mama mkwe, aliyekaa kushotoni kwangu, akaniuliza jambo mara mbili nisimjibu. Akadhani namdharau, nikamwona mke wangu anakunja uso. Mke wangu akamwambia mgeni: "Usimjali mzee. Sikio hilo lilibaki vitani."

Wote tunajua vita ipi. Ilikuwa moja tu kati yetu na wao.

Baba mkwe akaweka kikombe chini taratibu. Akauliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa mbeba machela, nikataja mashamba ya alizeti, upande wao, baada ya kuvuka. Sikutaka kuendelea. Yeye ndiye aliyeniuliza tena: sehemu gani ya mashamba? Nikasema pale penye tangi la maji, kwenye kijia kilichopita kati ya seng'enge mbili. Rafiki yangu alikanyaga bomu pale. Alikuwa mbele, mimi nyuma.

Mke wangu akanikanyaga chini ya meza.

Baba mkwe hakukigusa tena kile kikombe. Wakapanga kurudi wiki ijayo kupanga tarehe. Yeye akawa anaitikia tu kwa kichwa. Wakati wa kuagana alinishika mkono, mkono ule wa vidole vitatu, akaushikilia kupita kawaida. Wa baridi!

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu hasemi nami. Anasema hata siku ya posa nilishindwa kuiacha vita nje. Nimemkumbusha ni yeye aliyeitaja. Ndiyo maana hasemi nami.

Jumatano, 12 Machi

Binti kaja mchana, hajalala tangu zamu ya usiku, macho mekundu. Wameahirisha. Baba mtu anaumwa, ndivyo walivyoambiwa. Anaumwa nini? Hasemi. Amejifungia, hali, anamwambia mkewe amwache.

"Baba, ulimwambia nini?"

Nikasema nilijibu nilichoulizwa.

"Ungejibu kidogo."

Nimesuka kiti kizima baada ya hapo. Nimekikaza mno, fremu ikalia. Nimelazimika kukifumua.

Ijumaa, 14 Machi

Alipiga simu yeye mwenyewe asubuhi. Yuko stendi ya mabasi hapa mjini, peke yake. Kama ningeweza kufika, na kama ningeweza kutomwambia mtu.

Nikamkuta kwenye mgahawa wa nyuma, meza ya pembeni. Hakuagiza kitu. Akasimama nilipomkaribia, kama askari. Nikajua hapo hapo.

"Ulipigana," nikasema.

"Nilikuwa na wahandisi. Kazi yetu ilikuwa mabomu ya ardhini."

Mhudumu akaja na chupa ya chai. Akatumiminia, akapangusa meza, akaondoka. Ajabu nakumbuka kitambaa chake, cha buluu, kilikuwa kinanuka.

"Ile njia uliyoitaja," akasema. "Chini ya tangi. Kati ya seng'enge mbili."

"Ndiyo."

"Hapakuwa na kikosi kingine pale. Ni sisi. Mimi na mwenzangu mmoja, na mwenzangu alishakufa." Akasogeza chai yake pembeni. "Tuliambiwa magari yenu yatapita pale."

"Magari hayakupita. Tulipita sisi."

"Najua."

Sikumpiga. Naandika hili kwa sababu zamani, miaka ya mwanzo, nilikuwa nalala nikimtafuta mtu huyu. Nilikuwa nimemtengenezea sura. Alikuwa mnene, ana masharubu, anacheka. Na huyu hapa, kola ya shati lake imechakaa ikageuzwa na kushonwa upya, vidole vitatu juu ya meza.

Akasema angeweza kunyamaza. Alikaa siku zote hizi akijiambia anyamaze, watoto waoane, yeye afe nalo. Halafu akajiona amekaa sebuleni kwangu mwaka baada ya mwaka, anakula, ananiita mkwe. Akashindwa.

Nikamuuliza vidole. Akasema baada ya vita walirudishwa kuyang'oa waliyoyatega. Moja lilimwahi.

Nikasimama nikaondoka. Sikumuaga. Nafikiri nilipita sokoni, maana nimefika nyumbani na mfuko wa vitunguu.

Jumamosi, 15 Machi

Vitunguu vingi. Mke wangu anauliza vya nini. Sijui.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia. Sikuweza tena, anausoma mgongo wangu kama gazeti. Tulikuwa tunakunja shuka. Akasikiliza mpaka mwisho, ncha za shuka mkononi. Kisha akakaa kitandani juu ya nguo safi, yeye ambaye haruhusu mtu akalie nguo safi.

Akauliza: "Sasa tunafanyaje na mtoto?"

Hakuuliza tunafanyaje na mimi. Sawa. Ndivyo inavyopaswa.

Sijawahi kuiandika siku ile. Niiandike, labda itatulia.

Ilikuwa asubuhi, umande bado. Alizeti zimekauka, vichwa vimeinama, hakuna wa kuvuna. Tulikuwa tunamtoa sajenti mmoja aliyepigwa risasi ya paja. Mzito yule! Alikuwa anatutukana njia nzima kwa kumtikisa. Kulikuwa na njia mbili, ya shambani na ile ya seng'enge. Ya shambani ilikuwa ndefu na sajenti anavuja. Hatukujadiliana. Mrefu aligeuza bega tu, mimi nikafuata, ndivyo tulivyofanya siku zote, wa mbele ndiye macho.

Alikuwa anapiga mluzi. Wimbo gani, hapo ndipo panaponishinda, kila mwaka naukaribia halafu unapotea.

Sikusikia mlio. Watu wanadhani unausikia. Niliona udongo tu, na vichwa vya alizeti vinaruka juu kama kuku waliotishwa. Machela ilinijia usoni na sajenti wake. Yeye ndiye aliyenikinga. Sajenti akapona! Aliishi, akaoa, alinitumia salamu miaka mingi. Mrefu alikuwa hai kidogo. Nilimvuta kwenye machela ile ile, nikaiburuta peke yangu kama jembe, na sajenti anajikokota nyuma kwa viwiko, hatukani tena. Mrefu akasema, "Nateremka." Nikamwambia, sasa uko upande wangu, teremka tu. Hakujibu.

Niliporudi nilimwambia Dada Mkubwa yote. Nilitaka kupunguza, akanikatalia, akafunga mlango wa tanuri na kukaa mbele yangu. Kila kitu, akasema. Na neno la mwisho pia. Hakulia. Kesho yake aliwasha tanuri kama kawaida.

Haijatulia. Lakini mkono umechoka, na hiyo ni nafuu.

Alhamisi, 20 Machi

Binti anajua. Baba mtu alimwambia mwanawe, mwanawe kaja kumwambia yeye, mlango wa hospitali, mbele ya walinzi. Walilia wote wawili pale. Kisha akaja kwangu. Hakukaa.

Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja.

"Nimekua ndani ya vita hii, Baba. Tulikuwa hatufungi mlango kwa kishindo. Tulikuwa hatukai kushotoni kwako. Baluni hatukununuliwa. Shuleni wenzangu wana ami aliyekufa kwa malaria, mimi nina ami wa bomu, na sikumwona hata siku moja. Sikulaumu. Lakini nimechoka kuwa mtoto wa vita. Nataka kuwa mke wa mtu."

Nikamwambia sijasema hapana.

"Hujasema ndiyo."

"Naomba muda."

"Mimi ninao?" Akajishika tumbo. Hivi, kiganja kimoja tu, akakiondoa haraka. Mama yake akakiona. Mimi pia. Mkunga mzima, angejificha wapi!

Mke wangu akaenda kumchemshia maziwa.

Baadaye, tulipobaki wawili, mke wangu akasema mimi si wa kwanza kwenye foleni. Nikamuuliza foleni ya nini. Akasema: "Ya kukasirika. Mbele yako yupo wifi yangu. Siku ya harusi atakaa kiti cha mbele, atampa mkono yule mzee, atamkatia mkate wake mwenyewe. Mtamwacha afanye hivyo bila kujua?"

Amemwita Dada Mkubwa wifi yake. Miaka yote hii anamwita hivyo na sikuwahi kulisikia neno lenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja tena. Sijamwita. Basi la asubuhi, shati lile lile. Mke wangu akafungua mlango, wakatazamana, nikamsikia anamwambia apite, chai ipo. Mwanamke huyu, nasema tena.

Hakupita. Alisimama kizingitini akaniuliza mimi, juu ya bega la mke wangu:

"Yule wa mbele. Alikuwa na mtu?"

"Dada."

"Yu hai?"

"Mtaa wa nyuma."

"Nipeleke."

Nikamwambia hajui anachoomba. Yule si mama wa kufuta watu machozi. Akasema hakuja kufutwa. Nikachukua fimbo. Tukaenda mdogo mdogo, mimi na goti langu, yeye na macho yake ardhini. Watu wanatoka ibadani, wananisalimia, "Afande, leo na mgeni!" Naitikia. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilitaka nianze mimi, nimtayarishe, nimwambie Dada Mkubwa, kaa kwanza.

Tulimkuta uani, anachekecha unga wa kesho. Jumapili haoki. Hajawahi kuoka Jumapili. Tanuri limepoa, paka kalala juu yake.

"Kaka," akasema, "unaniletea mgeni hata hujanitahadharisha? Ona nilivyo."

Unga mpaka kwenye nyusi. Nikafungua mdomo. Maneno niliyopanga — hakuna hata moja! Nimesimama kama mlingoti wa bendera.

Akasema yeye mwenyewe. Alisema jina lake, alikotoka, kazi aliyoifanya jeshini. Akasema kijia, tangi, seng'enge. Hakusema kwamba waliambiwa yatapita magari. Nilingoja aseme, kule mgahawani alisema, hapa hakusema. Akamalizia: "Mwanangu ndiye anayetaka kumuoa mtoto wenu. Nikaona usile harusi yake bila kunijua."

Dada Mkubwa hakuacha kuchekecha. Unga ulishapita wote, chekeche tupu, mikono bado inakwenda. Kisha ikasimama.

"Ulikuwepo lilipolipuka?"

"Hapana. Tulishaondoka."

"Kwa hiyo hujui alivyokuwa."

"Sijui."

"Huyu anajua." Alininyooshea kidole cheupe. "Alinieleza yote. Nina nusu ya kisa mimi. Miaka yote nina nusu."

Yule mzee akasema hana mengi.

"Sijakuuliza kama ni mengi." Akanigeukia. "Kaka, nenda nyumbani."

"Dada —"

"Nenda. Ya kwako ulishaniambia. Huyu ana ya kwake."

Nikamtazama yule mzee. Alikuwa mweupe midomo. Sikupenda kumwacha. Mungu wangu, nimeliandika hilo! Sikupenda kumwacha. Dada Mkubwa akasukuma kreti la mikate kwa mguu, akamwambia: "Wewe kaa." Akakaa. Nilipofika nje nilisikia komeo linafungwa.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa jua linaelekea kuzama.

Mama mkwe amepiga simu, mumewe hapokei. Nikasema yuko kwa jirani, mazungumzo yamenoga. Nimekuwa mwongo wa kupendeza uzeeni. Kisha binti kaja na fundi wake, wote wawili, mke wangu kawaambia kwa simu. Kijana ametaka kukimbia huko. Nimemwambia kaa. Amekaa kwenye kiti cha mteja, ncha kabisa, magoti yanacheza. Binti hajakaa. Viatu vya kazini bado mguuni.

"Na kama anamfanya kitu?"

Nani amfanye nani, nikauliza.

Mke wangu alikwenda kuchungulia, akisingizia chumvi. Karudi hivi punde, chumvi hana. Anasema mlango bado una komeo. Sauti hazisikiki, kulia hakusikiki. Lakini bomba la tanuri linatoa moshi. Anasema aliona kwenye ufa wa ua: yule mzee kakunja mikono ya shati lake hadi viwikoni, anapasua kuni kwa mkono ule wa vidole vitatu, na Dada Mkubwa kasimama juu yake, anazungumza, anazungumza tu, mikono yake imezama kwenye unga.

Jumapili! Ametuwashia tanuri Jumapili.

Binti ananiuliza maana yake nini. Wote wamenigeukia, hata kijana magoti yametulia. Nimewaambia wangoje niandike kwanza, kwa sababu sijui niseme vipi: hakuna anayemwokea mkate mtu anayemfukuza.